Mguu wa Mjomba Kimatsho

Mjomba wangu Kimatsho alikuwa na mguu wa heri, na mimi ndiye niliyemleta punda achukue nafasi yake. Naanza na hilo ili mtu asije akanionea huruma mapema.

Kijiji chetu kina nyumba kumi na moja, na mto Panji unapita chini yake. Siku ya kwanza ya machipuko kila nyumba inafagiliwa masizi ya msimu wote wa baridi. Magodoro, masanduku, sufuria, vyote vinatolewa nje, na dari inafagiliwa kwa fagio lililofungwa kwenye mti mrefu mpaka watu wanakuwa weusi hadi puani. Halafu wote wanatoka, anabaki ndani mama mwenye nyumba peke yake. Hakuna anayerudi mpaka aingie mgeni mmoja wa kwanza. Anasimama mlangoni na kusema, "Machipuko mema yaingie." Mama anajibu kutoka ndani, "Yaingie na uso wako." Mgeni anatanguliza mguu wa kulia, mama anampaka unga begani, upande huohuo wa kulia, na mwaka wa nyumba ile unaufuata mguu wake.

Mjomba alianza kazi hiyo akiwa na miaka sita, tena kwa bahati mbaya. Jogoo wa bibi Davlatmo alikuwa akimfukuza, akakimbilia ndani ya nyumba ya bibi kabla ya mgeni aliyealikwa. Davlatmo alimtukana yeye na ukoo wake wote. Mwaka huo ng'ombe wake alizaa mapacha, na mume wake aliyedhaniwa kafia jeshini akarudi na meno yote. Tangu hapo nyumba zote zilimtaka Kimatsho. Alikua, akaoa, akawa msimamizi wa mfereji wa maji, na kila mwaka siku ile alitoka asubuhi na kurudi adhuhuri, bega moja jeupe pe, la pili safi kabisa. Mama yangu Savsan, ambaye ni dada yake, alikuwa akilalamika kwamba kufua koti lile ndiyo adhabu aliyozaliwa nayo. Alilifua kila mwaka na hakumwachia mtu mwingine.

Jioni yake sisi watoto tulipanda mapaani. Nyumba zetu zina tundu la mraba juu ya dari, hapo moshi unapotokea na mwanga unapoingilia. Unateremsha mtandio wako kupitia tundu hilo, unanyamaza kimya, na aliye chini anakufungia kitu bila kukujua: yai lililochemshwa na maganda ya kitunguu likawa jekundu, mkate, au soksi. Kwa Mjomba tulipigana vikumbo kugombea zamu. Mwaka mmoja mtandio wangu ulikuwa mzito ajabu, nikauvuta nikimeza mate, nikijua ni kichwa cha kondoo. Kilikuwa ni kiatu chake kikuukuu cha shambani, na ndani ya kiatu kulikuwa na yai. Akaniita kutoka chini, "Jonbegim, ukitaka watu wasikujue, kwanza upenge kamasi."

Nimefika miaka arobaini na mitatu na bado sijawahi kufurahia kitu kama nilivyofurahia kiatu kile.

Nilipokuwa na miaka ishirini na tisa, Mjomba aliingia kwetu kama kawaida, akala uji wa ngano na kwato za kondoo, akatutania, akaenda nyumba ya pili. Mwezi wa sita mdogo wangu Bahtovar, mtoto wa kiume pekee wa mama, alichukuliwa na mto. Ndama alikuwa amekwama kwenye kisiwa cha mchanga, na maji ya theluji yalikuwa yamejaa. Tulimpata siku ya nne, mbali sana huko chini. Ndama alirudi mwenyewe.

Hakuna aliyemwambia Mjomba neno. Kijijini kwetu mtu haitwi mkosi usoni. Watu walimsalimia, wakanywa naye chai ya maziwa na chumvi, wakamlaumu kuhusu maji ya mfereji kama walivyomlaumu siku zote. Lakini machipuko yaliyofuata, mama aliniambia akiwa amenipa mgongo kwamba mwaka huu nikamchukue punda wa Niyozmamad aingie kwanza. Desturi ya kumwingiza punda tunayo tangu zamani, ila punda huja baadaye, mtu akishaingia. Analishwa shayiri, anapakwa unga mgongoni na kufukuzwa, na watoto wanacheka. Sikumuuliza mama kwa nini. Nilikwenda nikamleta.

Nyumba ya Mjomba imepakana na yetu, ua kwa ua, na ukuta katikati. Alikuwa amesimama pale ukutani, amenyoa ndevu, amevaa lile koti lililofuliwa, akisubiri kuitwa. Aliniona nikipita na punda. Mimi nilitazama chini. Akasema, "Mvute taratibu, huyo anaogopa vizingiti."

Nyumba nyingine zilitufuata. Si kwamba watu walikuwa wabaya. Kila mmoja alifikiri tu, kwa nini nijitie mashakani mwaka huu, nitamwita mwakani. Davlatmo, aliyeishi kwa baraka za mguu ule miaka hamsini, ndiye aliyesema kwamba punda angalau hajawahi kuzika mtu. Siku ile punda alikula shayiri ya nyumba kumi, akaumwa tumbo. Jioni hakuna mtoto aliyepanda kwenye paa la Mjomba, maana mama zao walikuwa wamewakataza. Niliuona moshi ukitoka kwenye tundu lake mpaka ulipokwisha.

Mke wake, Nozbegim, alivumilia miaka miwili. Halafu akasema hawezi kuchemsha mayai thelathini na kuyala mwenyewe, akaenda Dushanbe kukaa na binti yao. Walimwita Mjomba kila mwaka. Binti alimtumia hadi tiketi ya gari. Alikataa, akisingizia mfereji. Mimi nilimwona ni mzee mkaidi, mtu wa kung'ang'ania mahali asipotakiwa, na siku moja nilimwambia hivyohivyo. Akaniambia anapapenda.

Ikapita miaka kumi na minne. Mume wangu yuko Urusi anajenga nyumba za watu, binti yetu anasoma Horog, mimi nilibaki na mama. Januari iliyopita mama alishikwa na kifua. Mchana mmoja, nikimnywesha mchuzi, alisukuma kijiko.

"Nilimtuma mimi," alisema.

Nikamuuliza nani.

"Bahtovar. Alisema mto umejaa, haendi. Nikamwita mwoga. Nikamwambia hata wasichana wana moyo kuliko yeye. Kaka yangu alikuwa anapanga mawe pale ukutani. Alisikia kila neno. Watu walipoanza kuutazama mguu wake, nikanyamaza. Na yeye akanyamaza."

"Hamkuwahi kuzungumza?"

"Tuzungumze nini? Anajua."

Nilitaka kumfokea. Nilitaka kumkumbatia pia, na kwa kuwa nilishindwa kuchagua, nilikipeleka tu kijiko mdomoni pake. Alikufa siku ya tisa. Mjomba alimbeba, begani, mpaka makaburini, na alipomaliza alirudi kwake bila kula kwa mtu. Wazee wa dua walikuja mapema mwezi wa tatu kutuondolea matanga, ili nyumba isiikose sikukuu.

Basi siku ile nilifagia peke yangu. Nilitoa kila kitu nje, nikaangusha masizi, nikachora mikono ya unga kwenye nguzo tano zinazoshikilia dari, nikaweka sinia la unga kando ya mlango. Kisha nikaenda ua wa pili. Mjomba alikuwa amekaa juani akitia mpini kwenye sepeto. Ana miaka sabini na moja sasa, na ndevu alikuwa hajanyoa.

"Mjomba, njoo uingie kwetu kwanza."

Hakuinua kichwa. "Punda kafanya nini?"

"Punda alikufa mwaka juzi. Mwaka jana tuliazima mbuzi."

"Mbuzi," alisema, na karibu acheke. "Mkaona mbuzi ndiye ana adabu za kuingia ndani ya nyumba."

"Mama aliniambia, Mjomba. Aliniambia yote."

Akaliweka sepeto chini. Nilidhani atafurahi, au walau uso utalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Alikasirika.

"Hakutakiwa kukuambia," alisema. "Mimi nilikuwa naweza kuvumilia. Kwangu ni siku moja tu kwa mwaka. Yeye ilibidi alale nalo kila usiku."

Nilikuwa nimeishi upande wa pili wa ukuta miaka yote ile, nikamwita mkaidi, kumbe alikuwa amekataa Dushanbe, mkewe na wajukuu kwa sababu kama angeondoka, watu wangeanza kutafuta mwingine wa kumtazama. Nilimwambia anisamehe. Akasema nimpishe anawe uso.

Alitoka amevaa koti. Tangu mama alipoacha kulifua hakuna mwingine aliyelifua, hilo lilionekana, kola ilikuwa imekunjamana na harufu ya pakanga, majani ya kufukuzia nondo, ilimtangulia. Tulivuka ua pamoja, mimi nikimshika mkono, nikijisikia kwamba walau jambo moja katika maisha yangu nimelifanya sawasawa. Alisimama mbele ya mlango, akajinyoosha, akakohoa. Akasema kwa sauti kubwa, kama enzi zile nilipokuwa mdogo, "Machipuko mema yaingie."

Kimya.

Tulingoja. Kusema kweli nilingoja kabisa, nimeinamisha kichwa, nikisikiliza sauti ya mama, kwa kuwa tangu nizaliwe hajawahi kujibu mwingine mlangoni pale. Ndipo nikaelewa nilichofanya. Mama mwenye nyumba sasa ni mimi, na mama mwenye nyumba alikuwa amesimama nje, ameshika mkono wa mgeni. Ndani hakukuwa na mtu. Na nikiingia kujibu, mguu wa kwanza unakuwa wangu, na yeye anakuwa wa pili, baada ya miaka yote hiyo.

"Mjomba," nilisema, "nimesahau."

"Naona."

Akauachia mkono wangu, akatanguliza mguu wa kulia, akavuka kizingiti. Kutoka ndani nikasikia, kwa sauti ya chini, "Yaingie na uso wako." Alilisema upesi, bila kutafuta maneno. Akachota unga kwenye sinia kwa mkono wa kushoto na kujipaka begani bila kutazama, kama mtu anayefunga kifungo cha shati lake mwenyewe.

"Hayo umejifunza wapi?" nilimuuliza.

"Kwangu," alisema. "Nani mwingine alikuwa ananijibu?"

Nilianza kulia palepale nje, katikati ya sufuria na magodoro. Nikamwomba atoke aingie upya, nitangulie ndani, nimjibu mimi, nimpake unga mimi, hakuna aliyetuona. Nilimwomba mara mbili. Alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka tu, na alikuwa akiitazama ile sehemu ya mwisho ya nyumba ambapo mama alikuwa akikaa.

"Mguu wa kwanza ni mmoja, mwanangu," alisema. "Mwakani ubaki ndani."