Laini Aliyoiita Msiba

Nianze na uongo. Inasemwa Al Twar, mtaani kwetu huku kwa Waarabu, na sasa imefika mpaka Garhoud, kwamba nilifuta laini ya pili ya marehemu mume wangu ili nifiche mke aliyemwoa kwa siri. Laini nilifuta, kwa kidole changu mwenyewe. Mke hakuwapo.

Marhun alikuwa karani wa mizigo uwanja wa ndege miaka ishirini na tisa. Shati lililopigwa pasi, maneno machache, chai bila sukari. Alizijua karatasi zote za kusafirisha maiti, kwa hiyo watu wa pwani wakifiwa hapa walimpigia yeye. Simu zilipozidi akachukua laini ya pili, ya eSIM, isiyo na kadi, ndani ya simu ile ile, akaipa jina "Msiba". Hakuizima hata siku moja. Harusi ya binti yetu Rawan aliiacha kabla bwana harusi hajaingia.

Waliompigia wengi walikuwa wanawake: mayaya, wahudumu wa hoteli, watu wasio na ndugu hapa. Mmoja, msichana wa Lamu anayefanya kazi Marina, alikuja matangani akalia kunishinda mimi mfiwa. Dada wa marehemu, Masuda, akanivuta pembeni.

"Wifi, yule nani?"

"Mtu aliyesaidiwa na kaka yako."

"Kusaidiwa! Mbona mimi dada yake sikulia hivyo? Hebu lete hiyo simu tuitazame."

"Simu ya marehemu si gazeti, Masuda."

"Haya. Kesho utanipa mwenyewe, inshallah."

Alipoondoka nikaufungua ujumbe wa yule msichana. Nikajua Marhun alimsaidia kumzika nani, na kwa nini msichana hakutaka mtu ajue. Nilikuwa ndani ya eda. Duka la simu siwezi kwenda kuuliza. Lakini nimesomesha skuli miaka kumi na minane, nikajiamini. Nikaingia kwenye mipangilio. Chini ya "Msiba" palikuwa na njia mbili: kuizima au kuifuta. Nikadhani ikifutwa itaondoka na siri zake. Simu ikanionya kwamba haitarudi ila kwa kupitia kampuni. Nikabonyeza.

Laini ikaenda. Ujumbe ukabaki wote, maana ulihifadhiwa kwenye simu, si kwenye laini. Asubuhi, nikiwa kwenye mswala, Masuda akaichukua simu kitandani. Namba ya kuifungulia aliijua: mwaka aliozaliwa mama yao. Akasoma mstari mmoja, "Tafadhali usimwambie hata mkeo," ukamtosha. Akatoka nao.

Nilipoiandikia kampuni ya simu kuomba laini irudi, ikajibu kwamba laini hurudishiwa mwenyewe, aje na kitambulisho chake. Mwenyewe yuko makaburini. Mwezi wa pili wa eda akabisha mlangoni mama mmoja wa Kilifi. Alikuwa ameipiga namba ile siku sita, na maiti ya mwanawe inangoja. Hilo ndilo linalonichoma, na hilo hakuna anayelisema mitaani.

Rawan ananiambia, "Mama, mtaje aliyezikwa, khalas, yaishe, baba asafike."

Ni kweli, jina moja lingemnyamazisha Masuda. Lakini jina hilo ni siri ya yule msichana, alimwamini Marhun nalo, na Marhun hakulitoa hata kwangu. Silisemi. Wala mlangoni pangu asije mtu kuniuliza.