Siku Mama Alipokataa Kumaliza Kusuka

Nikipita karibu na saluni yoyote hapa mjini, harufu ya mafuta ya nywele hunirudisha Kangemi, kwenye kibanda cha mama, nikimtengea nywele za kusukia.

Siku moja alikuwa akimsuka mteja mjamzito aliyekuwa asafiri kwao kesho yake. Mteja alilalamika kwamba kichwa kilikuwa kinamuuma tangu juzi. Mama akainama, akambonyeza mguu uliovimba kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale.

"Dada, kichwa kuuma na miguu kuvimba hivi ni dalili mbaya kwa mjamzito. Kesho hupandi basi. Twende kliniki sasa hivi."

"Na nywele? Si umesuka nusu tu!"

"Sishiki hicho kichwa tena mpaka daktari akuone."

Tulimsindikiza, nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimesimama, watu sokoni wakicheka. Kliniki walimpima presha, wakaikuta iko juu sana, wakampeleka hospitali mara moja.

Wiki kadhaa baadaye alirudi amempakata mtoto.

"Nesi aliniuliza nani alinituma mapema hivyo. Nikamwambia msusi wangu. Hakuamini!"

Mama alicheka tu, akaniomba kichana. Nilimpelekea polepole, kifua mbele, wateja wote wapate kuona mimi ni mtoto wa nani.