Mama Alipoingia Darasa la Tatu

Kila nipitapo penye kibanda cha mboga nikasikia kisu kikikatakata sukuma wiki, ule mkato mwembamba wa haraka haraka, harufu mbichi ya majani hunijaa puani na mara moja nakuwa na miaka tisa. Niko darasa la tatu kule Kariobangi, natamani ardhi inimeze.

Harufu hiyo ilikuwa ya mama. Aliuza mboga karibu na steji ya matatu, na vidole vyake vilibaki na ukijani hata Jumapili akiwa kanisani.

Mwaka huo nilikuwa na siri: sikujua kusoma. Nilijificha vizuri, lazima niseme. Tuliketi watatu dawatini, na wenzangu walisoma kabla yangu. Zamu yangu ilipofika, nilikuwa nimeshalishika kila neno kwa masikio. Nilitembeza kidole juu ya mistari, nikatua hapa na pale, nikavuta pumzi kama msomaji hodari. Mtihani ndio ulioniumbua, kwa kuwa karatasi ya mtihani hakuna anayekusomea. Darasa zima likaanza kuniita Zii, yaani sifuri.

Mwalimu mkuu alimwita mama akamweleza kwamba nirudishwe darasa la kwanza. Barua ya kutia sahihi ilikuwa tayari mezani. Mama hakuigusa. Alisema hatatia sahihi kabla hajajionea mwenyewe mtoto wake anashindwa wapi.

Asubuhi iliyofuata alifunika mboga zake kwa gunia, akaja na stuli ya plastiki, akaketi nyuma ya darasa. Mwalimu mkuu akaitwa mbio.

"Mama Nekesa, hapa si sokoni," alimwambia.

"Sokoni nauza, mwalimu. Hapa nimekuja kuangalia tu."

Mwalimu mkuu akarekebisha tai yake, akaenda zake.

Mama alikaa siku tatu. Alipojisogeza, stuli ililia na darasa likaangua kicheko. Wakati wa mapumziko mvulana mmoja aliniuliza, kwa upole wa uongo, "Matha yako ako klasi gani?" Yaani, mama yangu yuko darasa la ngapi. Jioni nilitembea hatua kumi mbele ya mama hadi nyumbani, wala sikumsemesha.

Siku ya tatu tulisoma hadithi ya kondoo aliyepotea. Zamu yangu ikafika, nikasoma bila kujikwaa. Mama akainuka, akapita katikati ya madawati, akafunua ukurasa mwingine kabisa wa kitabu changu na kuniambia niendelee. Nikaendelea. Kondoo wangu alizidi kupotea huku kidole kikiwa juu ya picha ya lori.

Watoto walicheka hadi wakagonga madawati. Mama alimgeukia mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Anyango, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kazi.

"Hajui kusoma, mmesema kweli," alisema. "Lakini hadithi nzima ameishika kwa kuisikia tu. Mtoto kama huyu mnamrudisha nyuma akatafute nini?"

Saa ya chakula Mwalimu Anyango aliniita, akaniambia nimsimulie chochote. Nikamsimulia habari za kondoo. Aliandika maneno yangu kwenye karatasi, akayakata moja moja kwa makasi, akanitaka niyapange upya jinsi nilivyoyasema. Tulifanya hivyo muhula mzima. Siku ambazo biashara ilikuwa baridi, mama naye alikuja kupanga, na nilimshinda mara nyingi kuliko alivyopenda.

Mwalimu mkuu aliulizia barua yake mara mbili. Mama alimjibu aendelee kuitunza. Mwisho wa mwaka nilikuwa wa tatu kutoka mkiani, nasoma polepole kama mtu anayevuka matope kwa kukanyaga mawe. Lakini nilikuwa nasoma, na darasa la nne niliingia pamoja na wenzangu.

Hata hivyo, kwa miaka mingi sikumsamehe zile siku tatu. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikakumbuka jambo moja: siku hizo hakuna aliyeniita Zii. Kicheko chote kilinipita juu ya kichwa kikaenda nyuma, kwa mwanamke aliyeketi wima, mikono mapajani, akikiacha kije.

Juzi nilimwuliza kama aliwasikia wakimcheka.

"Niliwasikia," alisema. "Si walikuwa wamekuacha wewe?"