Wageni, Mvua na Namba ya Tarakimu Sita

Laiti ningemkatalia mdogo wangu Ondieki pale aliponinong'oneza langoni, "Kaka, wewe ndiwe babu, watanie kidogo kabla hawajaingia," leo nisingekuwa naona haya kila nikipita sokoni Birongo nikiitwa Mzee Tarakimu. Lakini nilikubali, tena kwa furaha. Wageni walikuwa wamekuja kumposa Kwamboka, mjukuu niliyemlea mwenyewe tangu mama yake afariki, na mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa siku hiyo na pia wa siku ya harusi, ambapo ningesimama mlangoni nimbariki akitoka (maneno ya baraka nilikuwa nimeshayafanyia mazoezi mbele ya ng'ombe).

Kwetu babu na mchumba wa mjukuu wake hutaniana kama marika. Basi nikamzuia kijana, Omondi, fundi wa umeme kutoka kule ziwani, nikamwambia kwa Kiswahili changu cha kidato cha nne kwamba hapiti bila kunipa namba inayojieleza yenyewe. Mchezo huo nilifundishwa na Kwamboka, ambaye ni mwalimu wa hesabu, nilipovunjika mguu nikawa sina la kufanya ila kulalamika: tarakimu ya kwanza inasema sifuri ziko ngapi ndani ya namba hiyohiyo, ya pili inasema moja ziko ngapi, ya tatu inasema mbili ziko ngapi, na kuendelea hivyo hadi mwisho.

"Nipe ya tarakimu nne," nikasema, nikijua jibu ni 1210, kwa sababu ndani yake kuna sifuri moja tu, moja ziko mbili, mbili iko moja na tatu hakuna.

Omondi akatazama juu kidogo. "Babu, ni 1210. Ama 2020."

Hiyo ya pili hata mimi sikuwa naijua! Shangazi yake, mama mwenye sauti ya kengele ya shule, akapiga vigelegele na kuniuliza kama lango langu lina kufuli nyingine. Nikatoa ya tarakimu tano. Kijana akachora kwenye vumbi, akafuta, akachora tena: 21200. Vigelegele upya. Hapo kiburi kikanipanda, nikatamka, "Haya, sita!" bila kuwahi kuitafuta hata siku moja, maana nilijiambia kama ya tarakimu nne ipo na ya tano ipo, ya sita itakosaje?

Kijana akakwama. Baba yake, mwanamume mtulivu aliyevaa suti ya kijivu, akaomba amsaidie, na hapo nilipaswa kuuacha utani, kwa sababu mtani wangu alikuwa kijana, siyo baba yake. Baba mkwe hachezewi kwetu. Kuna ensoni, ile heshima inayokufanya umwonee haya hata kumtazama sana usoni. Mimi nikasema, "Karibu, jaribu!"

Akapiga magoti na suti yake. Akachora, akafuta, na mvua ya mchana (mvua ya kwetu haina simile) ikaanza kumfutia.

Ondieki akanivuta koti. "Kaka, inatosha. Ugali wa wimbi unapoa."

"Bado."

Mwishowe mgeni akainuka, magoti yamejaa tope. "Tumeshindwa, mzee. Tupe jibu tuingie."

Nikakohoa. Nikarekebisha kofia. "Jibu hili," nikasema, "halitolewi kwenye mvua."

Wakaingia, wakaketi, kuku wakafunuliwa, harufu ikajaa nyumba nzima. Hakuna mgeni aliyegusa chakula. Baba Omondi aliweka mikono mapajani. "Tuliambiwa jibu kwanza."

Wakati huo Kwamboka akaitwa asalimie wageni, akauliza ni jibu gani, na Omondi akamweleza.

"Sokoro!" akanigeukia (ndivyo tunavyomwita babu). "Ya tarakimu sita haipo! Si nilikuambia? Kuna za nne, kuna ya tano, halafu unaruka hadi saba."

Kweli aliniambia. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, na kumbe nilikuwa nasinzia.

Shangazi akadakia. "Ahaa! Basi na sisi tutaleta ng'ombe sita wa aina hiyohiyo."

Nyumba ikapasuka kwa kicheko, hata Ondieki, hata bibi harusi mtarajiwa, hata mimi nilijilazimisha. Baba Omondi hakucheka. Alikuwa akitazama magoti yake.

Nilimwomba radhi, akaipokea kwa upole, na posa ikapita. Ila siku chache baadaye walituma ujumbe wa adabu sana: harusini, kama hatutajali, azungumze mzee mwingine. Wazee wetu hawakujali. Tangu hapo nimeapa kutomuuliza mtu swali ambalo mwenyewe sina jibu lake.

Siku ya harusi Ondieki ndiye aliyesimama mlangoni, kwa maneno yake ya kuungaunga. Mimi nilikuwa nimeketishwa hemani, nyuma, karibu na kreti za soda. Namba ambayo haipo ilininyima kumbariki Kwamboka siku alipotoka nyumbani kwangu.