Siku Hamsini na Tano za Fundi Tarehe

Wateja walimbandika jina la Fundi Tarehe, naye alilipenda. Mafundi wengine hukuambia "njoo kesho" mpaka harusi ipite. Yeye huandika tarehe kwa chaki, huhesabu siku tangu kitambaa kilipotua mezani, na siku ikifika nguo ipo. Mtu wa namna hiyo utamdanganyaje kwa kalenda? Benki ilimweza, tena bila kusema uongo hata mmoja.

Alipata kazi ya kushona mashati mia nne ya shule, malipo siku ya hamsini, mzigo ukikamilika. Tarehe ishirini na nane akanunua kwa kadi ya mkopo ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke. Benki ilikuwa imeandika: hadi siku hamsini na tano bila riba.

"Subiri Jumatatu, mama watoto, tukaulize kwanza," mumewe alimwambia. Akamcheka.

Taarifa ya mwezi ilipokuja na tarehe ya kulipa iliyo karibu hivyo, alidhani wamekosea. Akalipa kile kiwango cha chini walichotaja, akaendelea kushona. Taarifa ya pili ilikuwa na riba. Akafunga duka, akaenda benki.

"Siku hazianzi ulipobeba mashine, mama," karani alimweleza kwa upole unaoudhi. "Zinaanza hesabu ya mwezi inapofunguliwa. Yetu hufungwa tarehe thelathini, kisha unapewa siku ishirini na tano za kulipa. Wewe ulipata ishirini na saba."

"Lakini si nililipa?"

"Ulilipa kidogo. Usipomaliza deni lote kwa tarehe yake, riba inarudi nyuma mpaka siku uliyonunua. Hata nyuzi na vifungo ulivyochukua baadaye vinahesabiwa riba tangu siku ulipovichukua." Kisha akaongeza, "Ungenunua tarehe mosi, ungezipata zote."

Kwa siku tatu tu! Aliichukia benki, akajichukia mwenyewe zaidi. Kadi imejaa, nyuzi zimekwisha, na shule haitoi hata senti kabla ya shati la mwisho. Akiiuza ovaloki, mashati yatalala. Asipoiuza, riba itazidi kuota mizizi na nyuzi hatapata. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Mnunuzi alikuja Alhamisi, fundi mwenzake wa mtaa wa pili. Akaizunguka mashine, akaipapasa.

"Nijaribie kidogo, dada."

Fundi Tarehe akaokota kilichokuwa karibu, mkono wa shati la shule, akaupitisha. Mshono ukatoka umenyooka.

"Sasa ina kasoro gani?"

"Haina," akajibu.

Yule bwana akahesabu noti, akatupia jicho lile rundo la mashati mia moja na sitini yaliyobaki. Akamwonea huruma kweli.

"Haya niletee mimi, nikufungie kingo. Nitakufanyia bei ya jirani."

Alitamani kumtukana. Akamwuliza bei ni ngapi.