Mikono ya Kushoto

Katika shamba la kahawa la Mjerumani mmoja, juu ya Maji ya Chai, watu watatu waliumia msimu mmoja, na wote mkono wa kushoto. Haikuhitaji shule kujua kwa nini. Mashine ya kumenya kahawa ilisukumwa hadi ukutani mwa kibanda chake, meno yake yakawa kushoto kwa mtu anayezungusha mpini. Nasi Wameru pale shambani tulifunga mashuka yetu fundo begani kushoto, ncha zikining'inia huko huko. Meno yanakamata shuka, mtu analivuta, mkono unafuata.

Nilimwomba mnyapara tuigeuze mashine, kazi ndogo ya watu wanne. Akanitazama kama nimemtukana.

"Mashine haina kosa. Uzembe wenu ndio unaowakata vidole."

Nilimeza hasira, maana aliyepangiwa kushika mpini sasa alikuwa kaka yangu. Basi nikamgeukia yeye.

"Jifunge shuka kiunoni, yaishe."

"Nikae kifua wazi mbele ya baba mkwe? Una wazimu?"

Mkwewe ndiye aliyeleta vikapu vya kahawa mbivu, akiingia na kutoka kibandani kutwa nzima. Kwetu mtu hajifunui mbele ya mkwe. Nililijua hilo, na pengine mimi ningekuwa mbishi zaidi, lakini liliniudhi kupita kiasi. Adabu gani hii ya kulisha chuma mkono wako! Siku mbili tulibishana. Siku ya tatu ncha ya shuka ilinaswa, ikachanika kabla hajaishika. Alicheka. Nilitamani kumpiga.

Jioni hiyo nilikwenda kwa yule mzee mkwewe mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikamweleza yote. Aliuliza tu kipande kilichochanika kilikuwa kikubwa kiasi gani, kisha akaendelea kula ndizi zake. Nilirudi nyumbani nikiwalaani wote, wakwe, wanyapara na Wajerumani.

Kesho yake mzee aliingia kibandani na kikapu begani, shuka lake amelifunga kiunoni, mbavu zote nje. Watu waligeuza nyuso. Akatua kikapu mbele ya kaka yangu, akasimama pale pale akingoja. Kaka aliinamisha macho. Kwa mikono yote miwili akafungua fundo la begani.