Robo Dola Yenye Ng'ombe

Barthélemy ni mtu mwema, lakini usikae naye chumba kimoja kama huna subira. Mimi nilikaa naye miaka mingi pale Isipingo, Durban, karibu na kituo cha taksi. Yeye alikuwa upande wa dirishani akitengeneza simu, mimi Anaïs upande wa ndani nikisuka nywele pamoja na mdogo wake, Constance, na katikati yetu lilining'inia pazia la maua ambalo halikuzuia hata kikohozi. Kwa hiyo mambo yake nayajua yote, aliyotaka niyajue na asiyotaka.

Kasoro yake kubwa ilikuwa moja: kila kitu alikipa maksi, na maksi zenyewe ziliishia sabini. Sombe ya Constance, yaani kisamvu, hamsini na tano, maana mafuta yalizidi. Mahubiri ya mchungaji, sitini na mbili. Siku moja nilijisuka mwenyewe, nikaja kazini nimenyoosha shingo nikitaraji sifa. Akanitazama kichwa kwa upande, kisha upande wa pili.

"Makumi sita," akasema. "Hapa nyuma iko mukwaruzo."

Nilimrushia chanuo, likampata sikioni. Hakujali, aliliokota akalipatia maksi nalo.

Hizo sabini ni mambo ya Wamarekani. Sarafu yao iliyochakaa hadi uso umekuwa laini kama sabuni ya mwisho hupewa moja, na ile isiyo na doa hata ukiitazama kwa lenzi hupewa sabini. Kwa nini wasimalizie mia moja, Barthélemy mwenyewe hajui, na nilipomuuliza alikasirika.

Ugonjwa huu aliupata mwaka 2010, wakati wa Kombe la Dunia. Mgeni mmoja kutoka Amerika alitumbukiza simu yake baharini, akaletwa kwetu. Barthélemy aliifungua, akaikausha, ikafufuka. Yule mgeni alifurahi mpaka akalipa, akashukuru, na juu ya hayo akamimina mezani sarafu zote za kwao zilizokuwa mfukoni, akaondoka anapiga mluzi.

Sasa lazima mjue kwamba Barthélemy, kabla ya vita kumtoa Uvira, kwao Kongo, alikuwa kambisti, wale vijana wanaokaa na meza barabarani kubadilisha dola. Kambisti wa kwetu ni mkali kuliko hakimu. Noti ya dola ikiwa imechanika kidogo pembeni, haitaki. Ikiwa na alama ya kalamu au imefifia, anakurudishia bila kukutazama. Na sarafu za Kimarekani hazina kazi kabisa kule, watoto huchezea. Alikuwa karibu kuzitupa kwenye kopo la skrubu. Lakini fundi hawezi kuona kitu kidogo asikiweke chini ya lenzi, akaziweka. Akaona kwamba zile robo dola, mbele zina kichwa kilekile cha mzee wao, lakini nyuma kila moja ina picha yake, kwa sababu kila jimbo la Amerika lilipewa robo dola ya kwake. Moja ina farasi, nyingine ina tunda la pichi, nyingine ina nyati. Siku hiyo tulimpoteza.

Na jambo la kwanza alilofanya ni la kikambisti hasa: alizifua. Alizisugua kwa limau na majivu mpaka zikang'aa kama masufuria ya harusi, akampelekea mzee Govindsamy, mwalimu mstaafu wa Westville aliyekuwa mteja wetu na mkusanyaji wa sarafu tangu ujana. Mzee alizitazama, akavua miwani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ni nani aliyezifanyia hivyo, mtu ungedhani anauliza habari za mauaji. Akamweleza kwamba sarafu haioshwi. Ngozi iliyotoka nayo mashineni ndiyo uhai wake, na ukiisugua, hakuna anayeipa maksi tena, hata iwe nzuri namna gani.

Barthélemy alirudi dukani amenywea.

"Anaïs," akaniambia, "nimeziua zote."

Nilicheka mpaka mteja niliyemshika kichwa akacheka na yeye, na alikuwa Mzulu, hakuelewa hata neno moja.

Tangu hapo akawa mwanafunzi wa mzee Govindsamy, na sisi tukapata shida. Usishike sarafu usoni, shika ukingo. Usiongee juu yake, mate yataruka. Usile karanga karibu. Kila mtu aliyekuwa na ndugu Amerika aliombwa sarafu, na zilikuja kidogo kidogo kwenye bahasha, katika soksi, ndani ya kopo la losheni.

Kuna jambo moja alilolianzisha bila kukusudia. Miaka ile wakimbizi wenzetu wengi walikuwa wanaitwa kwenda kuanza maisha Amerika, na mtu akiitwa anaambiwa jina la jimbo ambalo hajawahi kulisikia. Kentaki ni nini? Aidaho iko wapi? Wakaanza kuja kwa Barthélemy waonyeshwe robo dola ya huko waendako, maana picha ni picha. Athanase, jirani yetu aliyeuza viatu, alipoitwa Ohayo, alikuja na mkewe. Sarafu ya Ohayo ina mtu aliyevaa yale mavazi ya kwenda mwezini. Mke wa Athanase akaitazama muda mrefu, kisha akaketi chini.

"Eish! Miye siendi ku mwezi," akasema. "Athanase, uende peke yako."

Ilibidi tumnunulie soda. Mwishowe alikwenda, na Barthélemy akampa ile robo dola ajipoze moyo. Ikawa desturi. Kila anayeondoka, siku ya kuagwa kanisani, Barthélemy anamwekea mkononi sarafu ya jimbo lake, na mama Marie-Claire, mkubwa wa akina mama wa kanisa, anaomba. Watu wakasema safari isiyo na robo dola ya Barthélemy ni safari ya mashaka. Ninyi chekeni, lakini hakuna aliyethubutu kuondoka bila yake.

Basi kati ya sarafu zote, malkia alikuwa Wisconsin. Ile ina kichwa cha ng'ombe, duara la jibini, na hindi lenye majani yake. Alikuwa nayo moja tu, lakini siku moja akiikagua akapiga kelele mpaka nikamkata mteja nywele badala ya uzi. Kwenye hilo hindi aliona jani la ziada, jembamba, ambalo Wisconsin nyingine hazina. Mzee Govindsamy alithibitisha. Chache za mwaka 2004 zilitoka hivyo, na wakusanyaji wanazitafuta kwa tochi. Mzee akaituma Amerika pamoja na zake mwenyewe, kwa wale wanaotoa maksi rasmi.

Ilikaa miezi huko. Barthélemy alikonda kama mtu mwenye mgonjwa hospitali. Iliporudi ilikuwa imefungwa ndani ya kikasha kigumu cha plastiki, na juu yake karatasi yenye namba: sitini na sita. Alikibusu kikasha. Alitoka nje akawaambia hata makondakta wa taksi, nao wakamjibu "sharp, baba" bila kujua wanapongeza nini. Mzee Govindsamy akamwonya kwamba namba ile inaishi humo ndani tu. Siku kikasha kikivunjwa, maksi nazo zimekwisha. Akaahidiwa nafasi kwenye meza ya maonyesho ya chama chao Pinetown, mwezi wa kumi na moja mwaka 2014. Furaha ya mtu yule ilinifurahisha hata mimi, na mimi si mwepesi kufurahishwa.

Mwezi wa tisa, Constance na mumewe Achille wakaitwa. Wisconsin.

Constance alituchezea shoo hapo dukani. "Ng'ombe, fromage na muhindi!" akapiga makofi. "Anaïs, banatupeleka Masisi!" Masisi ni kule kwao Kongo, kwenye ng'ombe na jibini. Akakimbia upande wa pili wa pazia, kwa kaka yake anayemwita yaya. "Yaya, yangu unayo! Yangu ni ile ya jani!"

Barthélemy hakuinua kichwa kwenye simu aliyokuwa anaifungua. "Wisconsin sina," akasema.

Niliposikia hivyo niliacha kusuka. Wanawe hakuwa nao, mke hakuwa naye. Alikuwa na Constance. Walitoka Uvira yeye kijana na Constance mtoto wa miaka minane, akamvusha ziwa, akamvusha kambi, Tanzania, Msumbiji, mpaka Durban, na njia nzima mkono wa mtoto ulikuwa ndani ya wake. Faili lake yeye la ukimbizi lilikuwa peke yake, na halikuitwa. Nilimwelewa. Lakini kumwelewa mtu si kumnyamazia.

Constance alipotoka kununua nyuzi nikalifunga pazia kando. "Na ile ya kwenye plastiki ni ya jimbo gani? Ya mbinguni?"

"Ile haiko ya kupeana. Ile ni makumi sita na sita."

"Umewapa watu baki, wauza viatu, unamnyima dada yako?"

"Anaïs, fanya kazi yako."

"Naifanya! Na wewe fanya ya kwako. Ya kaka."

Akainamia simu yake. Constance naye si mjinga, alijua sarafu haikuwa shida. Jioni ile alisema mbele yetu sote, bila kulia, kwamba kama kaka yake hatamtuma kwa mkono wake mwenyewe, basi ndege iende bila yeye. Achille akajaribu kucheka, akaacha. Damu nzito kuliko maji, lakini nzito nayo hukwama. Wiki tatu zikapita hivyo. Masanduku yalifungwa, yakafunguliwa, yakafungwa tena.

Siku ya kuaga, ukumbi wa kanisa ulijaa hadi mlangoni. Vyakula vilikuwepo vya kufuru, kwaya ya Wakongo na kwaya yetu Warundi zikishindana, na mzee Govindsamy alikuja na gari lake kutoka Westville, akakaa mbele na sahani ya ndizi za kukaanga. Constance alivaa kitenge cha kijani. Alitabasamu kwa kila mtu na macho yake yalikuwa mlangoni.

Barthélemy aliingia wakati mama Marie-Claire ameshasimama kuomba. Shati jeupe, kola imefungwa hadi juu. Alipita katikati bila kumsalimia mtu, akafika mbele ya dada yake, akamnyoshea mkono. Katika mkono kulikuwa na kile kikasha, namba na yote.

Nilipiga kigelegele, nakiri, kabla ya wengine. Ukumbi ukafuata.

Mama Marie-Claire akainua mkono, tukanyamaza. Akakigonga kikasha kwa ukucha, ko, ko.

"Barthélemy, mwanangu," akasema kwa upole, "baraka haipite mu plastiki."

Na alikuwa na haki. Kwetu mkubwa akimtuma mdogo wake safari, huweka kitu kwenye kiganja kitupu, akatema mate ya baraka kidogo, akafunika kwa mkono wake, ngozi kwa ngozi. Ndivyo alivyowafanyia wengine wote. Barthélemy akamtazama mama, akakitazama kikasha. Nikasema moyoni, Mungu, mtu huyu atageuka atoke.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa koleo.

"Yaya, hapana!" Constance akapiga kelele. "Numero itakufa!"

"Ikufe," akasema.

Plastiki ilipasuka kwa mlio mkubwa kuliko nilivyodhani. Mzee Govindsamy alifumba macho kama mtu anayechomwa sindano, kisha akafumbua moja, na nikaona anacheka huku anatikisa kichwa. Barthélemy akaitoa robo dola, akaishika katikati ya uso kwa dole gumba lote, akaiweka kwenye kiganja cha dada yake. Akatema mate ya baraka. Akafunika kwa mikono yake miwili, akawa haachii.

"Uende," akasema. "Usiogope baridi. Watoto wako wakue, wazae. Mutu akikuuliza nani alikutuma, useme jina langu."

Mimi nilikuwa nalia tayari, na sikuona haya, maana kila mtu alikuwa analia na wengine walikuwa wanacheka wakati uleule. Ngoma ikaanza bila kuambiwa.

Constance alisubiri mpaka aachiliwe. Akaufunga mkono, akaupandisha juu ya kichwa, ngumi imekaza, akacheza hatua mbili kuelekea kwetu, uso wote umelowa.

"Muone!" akatuambia. "Nimeondoka Uvira, nimeondoka Tanzania, nimeondoka Msumbiji. Zote nilikuwa nakimbia. Leo natumwa!"

Barthélemy akawa wa kwanza kuingia kucheza naye.